Shajara ya mradi: bomba la Syracuse linapotapika

2 Machi

Nimeanza. Kazi yenyewe ni ndogo hata naona haya kuiita mradi: kijitabu cha kurasa sita kwa Kiswahili, ramani moja, na matembezi ya saa mbili kando ya Onondaga Creek, kijito kinachokatiza jiji la Syracuse, jimbo la New York. Wasomaji ni majirani zangu: Wakongo wa Kivu, Warundi, Wabantu wa Somalia waliopitia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na sisi wachache tuliotoka pwani. Majira ya joto watoto wetu huzurura kandokando ya kijito. Wazee hukitazama kwa macho ya wavuvi. Na pale bomba kubwa linapotoa mdomo ukutani kuna kibao cha Kiingereza ambacho wengi wao hawajawahi kusomewa.

Kibao kinasema kwamba hapo ni mahali palipopewa kibali na jimbo pa kutoa maji. Chini yake kuna namba ya kibali na namba ya simu.

Siku nzima imeishia kwenye neno moja. Bomba linalobeba maji ya choo na maji ya mvua kwa pamoja, likajaa, likamwaga mtoni: tunaliitaje tendo hilo? Nimeandika "mfuriko wa mfumo mseto wa majitaka" nikafuta, maana linanuka karatasi ya mtihani. Nimejaribu "umwagikaji", nalo halina ladha. Usiku, nikiosha vyombo, ndipo nilipokumbuka nyumbani.

Nimekulia Mchikichini, Dar es Salaam, karibu na Msimbazi. Masika yakikolea, maji yakijaa uchochoroni, palikuwa na mtu ambaye usiku huo angetoboa shimo la choo chake ili mvua ibebe kilichomo. Kitendo hicho kina jina, na kila mtu wa mabondeni analijua: kutapisha choo. Asubuhi tuliijua nyumba iliyotapisha kwa harufu, tukanyamaza, kwa kuwa wiki ijayo huenda ikawa zamu yetu.

Basi bomba la Syracuse linatapika. Neno limepatikana. Kuna kitu ndani yake kinanisumbua lakini: kwetu anayetapisha ni mtu, ana jembe mkononi na anatazama huku na huku. Hapa nani ana jembe?

9 Machi

Ukurasa wa 2 umekamilika, baada ya kuandikwa mara nne. Unaeleza njia ya maji.

Siku kavu, maji ya choo, ya bafuni na ya jikoni hushuka kwenye bomba la mtaa, yakaingia bomba kuu linalofuata kijito, na bomba kuu likayapeleka kaskazini hadi Metro, mtambo wa kaunti wa kusafisha majitaka ulio ukingoni mwa ziwa Onondaga. Mvua ikinyesha, maji ya barabarani na ya mapaa huingia bomba lile lile la mtaa. Ndivyo ilivyojengwa miji mingi mikongwe ya kaskazini-mashariki mwa Marekani na ya Maziwa Makuu ya huko. Takriban miji 700 nchini bado ina mabomba ya namna hii. Mifereji ilianza kwa ajili ya mvua. Vyoo vya kuvuta vilipokuja, vikaungwa humo humo, kwani bomba la pili lingetaka fedha za pili.

Mahali bomba la mtaa linapokutana na bomba kuu kuna chemba, na ndani ya chemba kuna ukuta mfupi, kizingiti. Maji yakiwa machache hupita chini, yakaenda Metro. Yakizidi hupanda, yakaruka kizingiti, na upande wa pili wa kizingiti ni kijito. Syracuse ilikuwa na matundu ya namna hii zaidi ya 60, mengi yakimimina Onondaga Creek, mengine Harbor Brook, kijito kidogo cha magharibi.

Nimeweka hesabu moja tu kwenye ukurasa huu, na nimeiweka kwa madumu. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 25: lita 2,500, yaani madumu 125 ya lita 20. Paa moja. Aliyewahi kusimama foleni kisimani na dumu moja hahitaji kuelezwa tena.

Hali ya kazi: kurasa 2 kati ya 6.

16 Machi

Leo nimewasomea wasomaji wa kwanza, wanne, kwa mama mmoja wa Bukavu ambaye hapa mtaani kila mtu, mkubwa kwa mdogo, humwita Mama tu. Chai ilikuwepo, na maandazi, na redio ambayo hakuna aliyekubali izimwe.

Nilipofika kwenye kizingiti, Mama akaniinulia mkono. "Simama kwanza, mwanangu. Hiyo ukuta, nani aliijenga?"

Nikasema wahandisi.

"Na balijua maji itaruka?"

Nikasema ndiyo, walijua. Kizingiti kimepimwa ili maji yaruke. Yasiporuka, yatarudi nyuma, yapande kwenye mabomba ya nyumba, yatokee kwenye vyumba vya chini vya watu, kwenye mashine za kufulia na magodoro ya watoto.

Alinyamaza kidogo, akaweka kikombe chini. "Kumbe balijua. Basi hii haiko aksida, ni mulango."

Nimerudi nyumbani nikaufuta ukurasa wote wa 2, ule niliouandika mara nne. Nilikuwa nimeandika kama gazeti: mvua ilinyesha, mabomba "yakazidiwa", uchafu "ukaingia" mtoni. Hakuna mtu katika sentensi hizo. Ni mvua tu, na mvua haishtakiwi. Mama ameona nilichoshindwa kukiona tangu siku ya kwanza: mwenye jembe yupo, ila alitoboa shimo lake zaidi ya miaka mia moja iliyopita, akalijengea kwa matofali, na baadaye likapewa kibali na namba. Uamuzi ulikuwa: uchafu usiingie nyumbani mwa watu, uingie mtoni. Inawezekana kabisa mimi ningeamua vivyo hivyo. Hata hivyo uliamuliwa.

Kuanzia leo kila sentensi ya kijitabu iwe na mtendaji. Nani alijenga, nani alishtaki, nani alihamishwa, nani alibadili mawazo.

23 Machi

Theluji inayeyuka. Huu ni mji ambao kwa wastani hupata zaidi ya mita 3 za theluji kwa majira, na mwezi huu yote inatafuta njia ya kushuka. Nimekwenda kutazama matundu mawili. Kijito kina rangi ya chai ya maziwa, lakini hiyo si hoja, kwani sehemu ya tope lake hutoka mbali kusini, bonde la Tully, ambako ardhi yenyewe inachemka matope. Kabla ya kufika mjini kijito hupita kwenye ardhi ya Taifa la Onondaga, wenyeji ambao kwao ziwa hili ni mahali patakatifu, mahali mataifa ya Haudenosaunee yalipounganishwa kwa amani. Wao wamekuwa hapa kabla ya mabomba yote. Wanastahili ukurasa wao, na kijitabu kina kurasa sita tu. Nimewapa aya tatu mwanzoni kabisa, kabla ya neno lolote kuhusu bomba.

Ndani ya jiji kijito kimenyooshwa kama mtaro, kuta pande zote mbili, na uzio wa waya juu. Mzee wa Burundi niliyekuwa naye alishika uzio akauliza kama mto umefanya kosa gani.

6 Aprili

Ukurasa wa 3, na huu ndio mzito.

Mwaka 1988 shirika la hapa Syracuse, Atlantic States Legal Foundation, liliishtaki Kaunti ya Onondaga chini ya Sheria ya Maji Safi ya 1972. Jimbo likaingia upande wa walalamikaji. Ziwa Onondaga lilikuwa na sifa mbaya nchini kote: kuogelea kulipigwa marufuku mwaka 1940, na uvuvi mwaka 1970 kwa sababu ya zebaki ya viwandani. Zebaki ni kesi ya viwanda na ina jalada lake. Lakini amonia na fosforasi zilitoka Metro, na vijidudu vya kinyesi vilitoka kwenye matundu ya vizingiti, na hayo mawili kaunti isingeweza kumsukumia mtu mwingine.

Januari 1998 pande zote zilikubaliana mbele ya mahakama ya shirikisho. Kwa upande wa mabomba, lengo lilikuwa kukamata angalau asilimia 85 ya ujazo wa maji yanayoingia mabomba hayo wakati wa mvua kwa mwaka. Nambari hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Sera ya taifa ya 1994 kuhusu mabomba ya aina hii inawapa wapangaji njia ya mkato: ukikamata asilimia 85 ya ujazo, au ukibakiza mitapiko isiyozidi minne hivi kwa mwaka, unahesabiwa kuwa umetimiza wajibu mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Njia iliyochaguliwa ilikuwa vituo vya kusafishia vya kanda. Badala ya kuyarudisha maji yote Metro, unakusanya mitapiko ya matundu kadhaa kwenye bomba nene, unaileta kwenye jengo moja karibu na kijito, unachuja takataka, unatenga mashapo, unatia klorini, unaiondoa klorini, kisha unamwaga. Kwenye michoro ni nadhifu sana. Nimeitazama michoro ya vituo vya namna hii kwa miaka na bado naipenda, nakiri.

Ila jengo linahitaji kiwanja. Kwa tundu la Midland Avenue kiwanja kilikuwa upande wa kusini wa jiji, kwenye mtaa wa watu weusi wengi wao wenye kipato kidogo. Familia zilihamishwa ili kupisha ujenzi. Wakazi na wenzao waliunda Partnership for Onondaga Creek, na hoja yao haikuwa kwamba mto uachwe mchafu. Walitaka matangi ya chini ya ardhi, ambayo huhifadhi maji mpaka mvua ipite, badala ya mtambo wa juu wenye klorini katikati ya makazi. Mwaka 2004 walipeleka malalamiko kwa mamlaka ya mazingira ya shirikisho kwamba uamuzi huo unakiuka sheria ya haki za raia. Kituo kilijengwa hata hivyo.

Hapa nilikaa muda mrefu bila kuandika. Baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011, watu wa mabondeni Dar walihamishiwa Mabwepande. Kuna waliohamishwa na maji, na kuna waliohamishwa na mpango wa kuyasafisha maji. Sikutaka kulinganisha, kwa sababu si jambo moja, lakini najua kwamba msomaji wangu aliyehamishwa mara tatu kabla ya kufika hapa atalinganisha mwenyewe. Nimemwachia nafasi tupu ya mistari miwili chini ya aya.

13 Aprili

Kituo cha Midland kinatumia kitu ambacho kwa lugha ya kawaida ningekiita tangi la kizunguzungu. Maji huingia kwa ubavu, si kwa katikati, kwa hiyo huzunguka kwa nguvu zake yenyewe, bila injini. Mashapo hukusanyika katikati, chini, na kutolewa kwa bomba dogo kwenda Metro pamoja na maji kidogo. Maji yaliyopungua uchafu hutoka kwa juu. Syracuse haikuiga tu teknolojia hii: katika miaka ya 1970 ilikuwa moja ya sehemu ambako serikali ya shirikisho iliijaribu.

Nilitaka kuwaonyesha watu, nikaleta ndoo, mchanga na mpira wa kumwagilia maji. Mchanga ulienda kila mahali isipokuwa katikati, na zulia la Mama limepata doa. Nilikuwa nakung'uta suruali pale Mama alipokoroga chai yake ya rangi, akatoa kijiko, akanisukumia kikombe. "Tazama hapa."

Majani ya chai yalizunguka, yakapungua mwendo, yakalala kitako cha kikombe, katikati, kichungu kimoja kidogo.

Ukurasa wa 4 sasa una mchoro wa kikombe cha chai. Ndoo imerudi stoo.

Chini ya mchoro nimeandika upungufu wake, kwa kuwa hapo ndipo wauzaji wa mitambo huharakisha. Kikombe hutenga majani, hakitengi rangi wala sukari. Kilichoyeyuka kinabaki: mbolea ya kinyesi, sabuni, sehemu ya vijidudu. Kwa hiyo lazima ifuate klorini, ndugu wa ile jiki ya kufulia. Maji ya mtapiko yanakuja kwa kasi, dawa inapewa dakika chache tu kufanya kazi, na kila mvua ina uchafu tofauti: ya kwanza baada ya ukame ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu inasomba mashapo yaliyolala bombani wiki nzima. Ukitia dawa kidogo, vijidudu vinapona. Ukizidisha, unaua samaki, kwa hiyo unatia dawa ya pili kuiua ya kwanza. Na mtambo huu wote hukaa kimya siku nyingi za mwaka, kisha saa nane usiku unatakiwa uamke na ufanye kazi bila kosa. Aliyewahi kuwasha jenereta lililolala miezi mitatu ananielewa.

Sisemi havifai. Kuna mahali tangi haliwezi kuenea, na maji yaliyosafishwa nusu ni bora kuliko yasiyosafishwa. Nasema tu kwamba neno "kusafisha" kwenye jina la kituo linabeba mzigo mkubwa kuliko linavyoweza.

20 Aprili

Ramani inanitesa. Kila mtu anataka kuona nyumba yake, na karatasi ni moja. Nimeondoa majina ya mitaa, nimebakiza shule, maduka ya vyakula vyetu, msikiti na makanisa mawili. Matundu nimeyachora kama midomo iliyo wazi. Mtoto wa jirani anasema yanafanana na viboko.

27 Aprili

Ukurasa wa 5: jinsi mpango ulivyogeuka.

Januari 2008 Joanie Mahoney aliapishwa kuwa mkuu wa Kaunti ya Onondaga, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kituo kingine cha kusafishia kilikuwa njiani kujengwa Clinton, karibu na Armory Square, eneo la mikahawa na maduka katikati ya jiji, na kingine Harbor Brook. Akasimamisha, wakarudi mezani, na Novemba 2009 amri ya mahakama ikarekebishwa. Vituo hivyo viwili vikafutwa. Badala yake yakaja mambo mawili kwa pamoja: matangi ya chini ya ardhi ya kuhifadhi maji, na miundombinu ya kijani, yaani kuyazuia maji ya mvua kabla hayajaingia bombani. Malengo yakapandishwa kwa hatua mpaka asilimia 95 ifikapo 2018.

Lazima nikae hapa kwenye Armory Square kidogo. Walichokuwa wakidai watu wa Midland tangu mwanzo, tangi chini ya ardhi badala ya mtambo juu, ndicho kilichojengwa Clinton, chini ya maegesho ya magari, ambako leo ukipita hujui kama kuna kitu. Midland walibaki na jengo lao. Sijaandika kwa nini. Nimeandika tarehe za mambo yote mawili, moja juu ya nyingine, kwa herufi za ukubwa sawa.

Tangi la Clinton linabeba zaidi ya lita milioni 20. Kwa kipimo chetu ni madumu zaidi ya milioni moja. Kwa kipimo cha mvua: milimita 25 juu ya hekta 80 za lami na mapaa, ikiwa hakuna tone linalonyonywa na ardhi. Mvua ikiisha, pampu huyarudisha maji yale bomba kuu taratibu, yakaenda Metro kusafishwa kikamilifu. Udhaifu wake ni mmoja na ni rahisi kuuona: mvua ya pili ikija kabla maji ya kwanza hayajamaliza kupwa, tangi limejaa, na kizingiti kipo pale pale.

Kuhusu kijani, mpango ulipewa jina la Kiingereza lenye maana ya kuiokoa mvua. Nimegoma kulitafsiri hivyo. Sisi tuna kitenzi, tena kizuri: kukinga. Mvua ikianza, bibi yangu alikuwa na sauti moja tu, "Kingeni maji!", na kila sufuria, karai na ndoo ilitoka kwenda kupangwa chini ya bati. Kaunti iligawa mapipa ya kukingia kwa wenye nyumba, ikapanda miti, ikachimba bustani za mvua kandokando ya barabara, ikaweka lami inayopitisha maji kwenye maegesho. Paa la uwanja wa War Memorial, panapochezwa mpira wa magongo wa barafuni, linakinga mvua inayogandishwa kuwa barafu ya kuchezea. Wasomaji wangu walicheka sana hapo. Wengine wao wanaikinga mvua tangu utotoni na hakuna aliyewahi kuwaita miundombinu.

Mama aliuliza kama pipa moja lina maana. Nimemjibu kwa hesabu ya ukurasa wa 2: paa linatoa lita 2,500, pipa linashika lita 200 na ushee. Peke yake halifui dafu. Tena likijaa na usipolimwaga kabla ya mvua ijayo, ni pambo. Maji mengi yalikamatwa na zege, mabomba na matangi, na kijani kilibeba sehemu yake. Anayesema bustani za mvua zimemaliza kazi peke yake anauza kitu. Bustani zenyewe zinataka kung'olewa magugu na kutolewa chumvi na mchanga wa majira ya baridi, na bajeti ya magugu haina mtu wa kukata utepe.

Nimepigania pia aya moja kuhusu asilimia. Asilimia 95 ni ya ujazo, kwa mwaka wa mvua ya kawaida. Haina maana kwamba siku 95 kati ya 100 mto ni salama. Baada ya mvua kubwa mdomo bado unafunguka. Nimeitia wino mzito.

11 Mei

Matembezi ya majaribio, watu kumi na mmoja, watoto wakiwemo. Tulianzia Kirk Park tukafuata njia ya miguu kuelekea Armory Square. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wa kuamkia jana, na kwenye tundu la pili kulikuwa na karatasi za chooni zimening'inia kwenye kichaka kama mapambo. Sikuhitaji kueleza chochote.

Maswali hayakuwa yale niliyoyaandaa.

Mzee wa Burundi, aliyezaliwa kando ya Tanganyika na anayemzungumzia mukeke, samaki wa ziwa hilo, kama watu wanavyozungumzia marehemu mpendwa, aliuliza kuhusu samaki. Nikamwambia uvuvi ziwani ulifunguliwa tena mwaka 1986 kwa masharti ya kumrudisha samaki majini, na kwamba hata leo kuna ushauri rasmi wa afya kuhusu kumla, kwa ajili ya zebaki zaidi kuliko kinyesi. Akaniuliza: "Mtu anavua samaki halafu anamrudisha. Anataka kumwambia nini?" Sikuwa na jibu, na hakuna mhandisi aliye nalo.

Dada mmoja wa Uvira alisema kwao Mulongwe ikifurika, kama Aprili 2020, inabeba nyumba, kwa hiyo mto unaobeba karatasi tu una adabu. Watu walicheka, naye hakucheka.

Mtoto wa miaka tisa ndiye aliyeuliza swali la mpango mzima: kwa nini wasitenganishe mabomba? Nilimjibu kadiri nilivyoweza. Inawezekana, na baadhi ya mitaa ilitenganishwa. Lakini inabidi kuchimba kila barabara na kugusa kila nyumba, na ukishamaliza, maji ya mvua yaliyo peke yake nayo yana mafuta ya magari, chumvi na mavi ya mbwa, na hayo sasa yanaenda mtoni moja kwa moja bila kupita Metro. Akafikiri. "Kwa hiyo wanachagua uchafu gani?" Ndiyo, mwanangu. Nimeliweka swali lake kwenye ukurasa wa 6, bila jina lake.

Tulipofika kwenye kibao nikakisoma kwa Kiswahili. Neno "kibali" lilipotoka, Mama hakushangaa. Aliwageukia wengine akawaambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha lijua jambo, "Niliwaambia. Mulango."

Ukurasa wa 6 una mambo ya kufanya, mafupi: usiguse maji ya kijito kwa siku mbili baada ya mvua kubwa, nawisha watoto mikono kwa sabuni, tangu 2013 sheria ya New York inataka majitaka yakimwagika wananchi waarifiwe, na unaweza kujiandikisha kupata ujumbe. Ujumbe huo huja kwa Kiingereza, kwa hiyo tumekubaliana vijana wawili waupokee na kuutuma kwenye kundi letu la simu kwa sauti, si kwa maandishi, kwa kuwa wazee wanasikiliza na hawasomi.

18 Mei

Kijitabu kimetoka kwa mchapaji, nakala 150. Jina la mwanzo lilikuwa "Kijito chetu na mabomba". Sasa ni "Mlango wa kutapikia". Mama alitaka iandikwe "mulango" na nilikaribia kukubali.

Yaliyobaki: kurekodi kurasa zote kwa sauti, na kumpata mtu wa kuzisoma kwa Kizigua kwa ajili ya wazee wa Kisomali-Bantu. Ramani ina tundu moja lililokaa upande usio wa kijito. Nitalirekebisha toleo lijalo.

Na kuna kosa langu, si la mchapaji: ukurasa wa 5 unasema tangi la Clinton linabeba lita milioni 2. Sifuri imeanguka. Nimeketi mezani na kalamu ya wino naiongeza kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine, na nimefika ya 63. Mama amepita jioni akachukua 40 ambazo hazijaguswa, kwa ajili ya kesho kanisani. Nikamwambia asubiri sifuri. Amesema sifuri ataisema kwa mdomo.